Dada Wawili, Dawa Moja

Mama yangu na mama mdogo, ndugu wa tumbo moja, walitumia dawa moja kwa maradhi mawili. Mama mdogo aliipata kwa mshipa pale Ocean Road, Dar es Salaam, katika lile jengo la Wajerumani linalotazama bahari. Ilikuwa moja ya dawa tatu alizopewa baada ya upasuaji ili saratani ya titi isirudi. Mama aliipata kwa vidonge, nyumbani Tanga, mara moja kwa wiki, kwa ajili ya baridi yabisi iliyokuwa inamharibu mikono. Dawa yenyewe inaitwa methotreksati. Ile ya mshipa ni ya manjano, na vidonge vya mama navyo vilikuwa vya manjano. Siku alipokwenda kumuuguza mdogo wake akaiona ile rangi, akasikia na jina, akanivuta kando na kuniuliza polepole: "Mwanangu, kumbe na mimi nina kansa, mnanificha?"

Hakuwa nayo, wala hakuna aliyemficha. Lakini swali lake halikuwa la kipuuzi hata kidogo. Wakati huo nilikuwa nafundisha baiolojia sekondari, na njegere za Mendel ningeweza kuzichora ubaoni nikiwa nimefumba macho. Jibu nililompa pale pale lilikuwa fupi: dozi yako ni ndogo, na kazi yake kwako ni nyingine. Jibu refu nimelikusanya miaka iliyofuata, kwa kusoma na kwa kuwasumbua madaktari wenye subira, kwa sababu ukoo mzima ulikuwa unalihitaji. Kiini chake ni hiki: ugonjwa unaweza kuwa wa jeni bila kuwa wa ukoo. Kwa kutolijua hilo, watu wazima wenye akili zao walitaka kuvunja posa.

Kwetu hakuna ugonjwa usio na maelezo. Wa mama ulielezwa kwa maji baridi ya alfajiri, kufua kwa mkono na kulala kwenye sakafu ya saruji. Alikuwa akiamka hawezi kufungua kifuniko cha chupa ya chai. Anaishika kwa viganja viwili, anaipakata, kisha anaiacha na kumwita mtoto. Saa nzima ingepita, wakati mwingine zaidi, mpaka jua limepanda, ndipo vidole vikubali kukunjika. Viungo vya katikati ya vidole vilivimba, na vile vya shina la vidole, na vifundo vya mikono vilikuwa na joto ukivigusa. Viungo vya mkono wa kulia na vya mkono wa kushoto vilivimba pale pale, kana kwamba vimeambiana. Ajabu ni kwamba viungo vya nchani, karibu na kucha, vilikuwa salama. Mtu asiyeweza kukamua tui aliweza kukaa na ungo mapajani akachambua mchele, akitoa chuya na vijiwe kimoja kimoja kwa ncha za vidole, hakosei.

Daktari bingwa aliyemwona baadaye aliishika ile mikono, akaibonyeza kiungo kimoja kimoja, akasema jina la ugonjwa kabla majibu ya damu hayajarudi. Vipimo vilimthibitishia tu. Ramani ile ya uvimbe, pande zote mbili, shina na katikati ya vidole, ncha zimeachwa, ndiyo sura ya baridi yabisi. Lakini kabla ya kufika kwake mama alikuwa amepita zahanati nyingi akichomwa sindano za maumivu, amekandwa, amepigwa chuku, na miaka imekwenda.

Mama mdogo yeye alipata uvimbe usiouma. Kwa kuwa hauumi, alinyamaza. Uliposhindikana kufichwa, wengine walisema kijicho, wengine wakasema ametupiwa kitu. Baada ya upasuaji maelezo yakabadilika. Kuna mtu, sikumjua ni nani, aliyeunganisha habari za dada wawili na kuzifanya moja: ukoo ule una damu mbaya. Mtoto wa nyoka ni nyoka.

Maneno hayo yalifika mahali pabaya kwa wakati mbaya. Binti wa mama mdogo, ambaye kwangu mimi ni dada, alikuwa ameposwa. Washenga walikwisha kuja, mahari ilikwisha kutajwa, siku ilikuwa inatafutwa. Mara upande wa pili ukanyamaza. Tulipochungulia kisa tukaambiwa kuna shangazi wa bwana harusi aliyeuliza katika kikao: mama yake ana kansa, mama mkubwa amepinda vidole, hao wajukuu watazaliwa na nini?

Mjomba alikasirika, akataka tuwarudishie vyao. Mimi niliona shangazi yule ameuliza swali halali kwa njia isiyo na adabu. Nikaenda kulitafutia jibu.

Nilianzia kwenye saratani. Saratani yoyote ni ugonjwa wa jeni kwa maana hii: ndani ya seli kuna jeni zinazoamuru seli igawanyike, jeni zinazoizuia, na jeni zinazorekebisha makosa. Zikiharibika za kutosha, seli inazaana bila breki. Lakini mara nyingi uharibifu huo hutokea maishani, katika seli moja ya mtu mmoja. Hakuzaliwa nao, na watoto wake hawatauchukua.

Mfano mzuri kuliko yote umetoka jirani. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt alionyeshwa mtoto mwenye uvimbe kwenye taya, juu na chini, kushoto na kulia. Akaanza kuwaona wengine kama yeye, akaandika habari zao mwaka 1958, kisha mwaka 1961 akafunga safari ndefu kwa gari akipita hospitali za Afrika Mashariki na Kusini, akiuliza nani amewaona watoto wa namna hii. Ramani aliyorudi nayo ilifuata joto na mvua, kama ramani ya malaria. Mwaka 1964, Anthony Epstein na wenzake jijini London walikuta virusi ndani ya seli za uvimbe zilizotoka Uganda. Ndivyo vinavyoitwa virusi vya Epstein-Barr. Miaka ya 1970 ikaonekana kwamba ndani ya seli hizo kipande cha kromosomu ya 8 kimebadilishana mahali na kipande cha kromosomu ya 14, na mwaka 1982 ikajulikana jeni iliyohamishwa: MYC, moja ya jeni zinazoamuru seli igawanyike. Imewekwa mahali ambapo haizimiki.

Malaria ya mara kwa mara, virusi, na kromosomu iliyokatika. Huo ni ugonjwa wa jeni kamili, na hakuna bibi wala babu wa mtoto yule aliyemrithisha.

Zipo saratani za kurithi, na hizo nazo lazima zisemwe waziwazi. Mwaka 1990, Mary-Claire King na wenzake nchini Marekani walionyesha kwamba katika baadhi ya familia saratani ya titi inafuatana na eneo moja la kromosomu ya 17. Jeni yenyewe, BRCA1, ilipatikana mwaka 1994, na mwenzake BRCA2 mwaka uliofuata. Kazi ya jeni hizi ni kurekebisha DNA iliyokatika. Mwanamke aliyezaliwa na nakala mbovu ya BRCA1 ana uwezekano wa karibu asilimia 70 wa kupata saratani ya titi kabla ya kufika miaka 80, na kila mtoto wake ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kuirithi. Baba naye huirithisha vile vile, jambo ambalo kwetu husahaulika, kwa sababu tumezoea kuhesabu magonjwa ya titi kwa upande wa mama peke yake.

Lakini saratani za titi zinazotokana na jeni nzito za kurithi ni kama 5 mpaka 10 katika kila 100. Na zina dalili zake katika familia: mwanamke ameugua mapema, chini ya miaka 50, wameugua wengi katika vizazi zaidi ya kimoja, kuna saratani ya ovari pia, kuna mwanamume aliyepata saratani ya titi. Nilikaa na bibi, nikamhesabisha dada zake, shangazi zake na binti zao, walio hai na waliotangulia. Hakukuwa na mwingine. Mama mdogo mwenyewe aliugua akiwa amepita miaka 60. Hiyo si sura ya saratani ya ukoo.

Ikabaki mikono ya mama.

Hapa njegere za Mendel ziliniacha njiani. Njegere ama ni laini ama imekunjamana. Jeni moja inaamua, na darasa linaelewa. Baridi yabisi haiendi hivyo. Katika miaka ya 1970, Peter Stastny, huko Dallas, alionyesha kwamba wagonjwa wengi wana aina fulani ya jeni za HLA, zile zinazoiwezesha kinga ya mwili kutambua kilicho chake na kilicho kigeni. Mwaka 1987, Gregersen, Silver na Winchester wakaeleza kwamba aina mbalimbali za jeni HLA-DRB1 zinazohusika zinafanana katika kipande kidogo tu cha protini, asidi amino chache zilizopangana. Tangu hapo uchunguzi umekua. Mwaka 2014 ulitoka utafiti wa zaidi ya watu 100,000 uliotaja maeneo 101 ya vinasaba yanayohusiana na ugonjwa huu, kila moja likisukuma kidogo.

Na jambo lililonituliza zaidi ni hesabu ya mapacha. Mapacha wa kufanana wana vinasaba vilevile. Kama baridi yabisi ingekuwa inaandikwa tumboni, akiugua mmoja angeugua na wa pili. Uchunguzi uliofanywa Uingereza na kutolewa mwaka 1993 ulikuta kwamba pacha wa pili huugua katika jozi kama 15 kwa kila 100. Katika jozi 85 zilizobaki, mmoja ana vidole vilivyovimba na mwenziwe anafungua chupa ya chai bila kufikiri. Ndugu wa karibu wa mgonjwa wana uwezekano mkubwa kuliko watu wengine, kama mara tatu, lakini mara tatu ya kitu kisichofika hata mmoja katika mia bado ni kidogo.

Basi kama herufi ni zilezile, mapacha wanatofautishwa na nini? Sehemu ya jibu ni bahati na maisha, na sehemu ni kile wanasayansi wanachokiita epijenetiki.

Kumweleza mama jambo hili nilitumia kitu alichokulia nacho. Babu alikuwa mwalimu wa madrasa, na mama alihitimu kwake. Anajua kwamba juu ya mistari ya msahafu kuna alama ndogo za kusimamia: hapa lazima usimame, hapa una hiari, hapa usisimame. Alama hizo hazibadilishi hata herufi moja ya andiko. Zinamwongoza msomaji namna ya kusoma. Ndani ya seli nako, juu ya herufi za DNA, zinabandikwa alama za kikemikali; iliyo maarufu zaidi ni methili, kaboni moja na haidrojeni tatu. Zikirundikana mwanzoni mwa jeni, kwa kawaida jeni hiyo haisomwi. Ndiyo maana seli ya ini na seli ya ngozi zina andiko moja na tabia mbili. Mama alifikiri, akasema: "Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na andiko sahihi, akalisoma vibaya." Sijapata mwanafunzi aliyelisema vizuri zaidi.

Neno epijenetiki lilitungwa na Conrad Waddington mwaka 1942, kabla umbo la DNA halijajulikana. Mwaka 1983, Andrew Feinberg na Bert Vogelstein huko Baltimore walipima seli za saratani na kukuta zimepungukiwa methili zikilinganishwa na seli za kawaida za mgonjwa yuleyule. Baadaye ikaonekana na kinyume chake: jeni zinazozuia uvimbe zimebandikwa methili mahali zisipotakiwa, zikanyamazishwa. Na miongoni mwazo ni ileile BRCA1. Wapo wanawake wenye saratani ya titi ambao BRCA1 yao haina kosa hata la herufi moja, ila ndani ya uvimbe imezimwa kwa methili. Jeni ni ileile, na kazi iliyoharibika ni ileile. Tofauti ni kwamba wengi wao hawakurithi kitu, na binti zao hawatarithi kitu. Nilipolifikia hilo nilijua nimepata la kumwambia yule shangazi.

Kwa upande wa viungo, habari ilinishangaza zaidi. Ndani ya kiungo kuna utando laini unaotoa majimaji ya kulainisha. Katika baridi yabisi utando huo unanenepa, unatambaa juu ya gegedu na kuila, halafu unaingia kwenye mfupa. Kwa muda mrefu ilidhaniwa seli za utando zinafanya fujo kwa sababu tu kinga ya mwili inazichokoza. Mwaka 1996, watafiti wakiongozwa na Steffen Gay walichukua seli hizo kutoka viungo vya wagonjwa, wakaziweka pamoja na kipande cha gegedu la binadamu ndani ya panya wasio na kinga. Hakukuwa na wa kuzichokoza. Ziliendelea kula gegedu.

Zilikuwa zimeshika tabia. Kundi la Gay, Zürich, na la Gary Firestein, San Diego, yakaonyesha katika miaka iliyofuata kwamba seli hizo zina methili kwa mpangilio usio wa kawaida. Firestein na wenzake walikuwa wameshakuta, mwaka 1997, mabadiliko katika jeni p53 ndani ya utando ulioumwa, na p53 ndiyo jeni inayoharibika mara nyingi kuliko zote katika saratani za binadamu. Mwaka 2016 wakaonyesha kwamba hata goti na nyonga za wagonjwa hazina mpangilio mmoja wa methili; kila kiungo kina alama zake. Hiyo ni njia mojawapo ya kuelewa kwa nini ugonjwa unaonekana kuchagua viungo, ukala shina la kidole na kuiacha ncha.

Baridi yabisi si saratani. Utando ule hausafiri kwenda kuota kwenye ini au mapafu kama uvimbe unavyofanya. Lakini seli zinazovamia, zisizokufa kwa wakati wake, zilizobadilishiwa alama, ni tabia ambayo watu wa saratani wanaijua vizuri. Mama aliyeogopa alipoiona ile rangi ya manjano alikuwa amegusa kitu cha kweli, ingawa hakuwa na kansa.

Hata historia ya dawa yenyewe inasimulia hivyo. Mwaka 1948, Sidney Farber wa Boston alitangaza kwamba watoto wenye saratani ya damu wamepata nafuu, japo ya muda, kwa aminopterini, dawa inayozuia kazi ya folati mwilini. Ilitengenezwa na wakemia waliokuwa chini ya Yellapragada Subbarow, mtu wa India aliyefanya kazi Marekani. Folati ndiyo vitamini tunayoipata kwenye mchicha na maharage. Bila hiyo seli haiwezi kunakili DNA, na ndiyo inayosaidia mwili kupata hizo methili. Methotreksati ni ndugu ya aminopterini. Tayari mwaka 1951 daktari Richard Gubner alikuwa ameandika kwamba aminopterini inatuliza viungo. Mwaka 1976, Gianni Bonadonna wa Milano alionyesha faida ya methotreksati pamoja na dawa nyingine mbili baada ya upasuaji wa titi, mchanganyiko uleule alioupata mama mdogo. Kwa viungo ilisubiri mpaka miaka ya 1980: majaribio mazuri yalitoka mwaka 1985, na Marekani ikaidhinisha mwaka 1988. Ni kama dada wa pili aliletewa chakula baada ya wa kwanza kushiba.

Katika dozi ya viungo, kwa kawaida kati ya miligramu 7.5 na 25, dawa hainywewi kila siku. Ni mara moja kwa wiki. Hili nalisema kwa kila anayenisikiliza, kwa sababu wapo waliokufa kwa kuinywa kila siku wakidhani ni kama dawa ya presha: mdomo unatoka vidonda, uboho unaacha kutengeneza damu. Mama aliichagua Ijumaa, baada ya swala ya adhuhuri, na asidi ya foliki aliyopewa kupunguza madhara akainywa siku nyingine. Damu na ini vilipimwa kila alipoambiwa arudi. Baada ya miezi kadhaa asubuhi zake zilifupika. Vidole vilivyokwisha kupinda havikunyooka.

Hapo ndipo penye funzo gumu kuliko yote. Madaktari wa viungo wanajua kwa uzoefu kwamba mgonjwa anayeanza dawa katika miezi ya kwanza anafanikiwa kuliko anayeanza baada ya miaka. Utafiti wa alama za seli unatoa sababu moja inayowezekana: kadiri fujo inavyoendelea, ndivyo seli za utando zinavyozidi kushika tabia, na mwisho zinaweza kuendelea zenyewe hata mchokozi akiondoka. Ile miaka ya sindano za maumivu na chuku ilikuwa miaka ya kuzifundisha. Mama mdogo naye, kwa kunyamaza na uvimbe usiouma, aliupa nafasi. Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema, na kwa maradhi haya mawili hakuna methali ya kweli zaidi.

Funzo la pili lilimwangukia mdogo wangu wa kiume, mvutaji sigara. Lars Klareskog na wenzake wa Uswidi walieleza mwaka 2006 kwamba moshi wa sigara unabadilisha protini ndani ya mapafu, na kwa mwenye zile jeni za HLA, kinga inaziona ngeni na kuanza kutengeneza kingamwili dhidi yake. Kingamwili hizo zinaweza kukaa kwenye damu miaka kabla kiungo cha kwanza hakijavimba. Mvutaji mwenye nakala mbili za jeni hizo alikuwa na hatari mara 21 ya ugonjwa wenye kingamwili hizo, kuliko asiyevuta na asiye nazo. Mwaka 2013 timu ya Uswidi pamoja na Feinberg walichunguza damu ya watu karibu 700, wagonjwa na wazima, wakaonyesha kwamba sehemu ya hatari ya jeni hizo inapitia kwenye methili. Jeni hatuwezi kumbadilishia mtu mtaani, nilimwambia, ila sigara iko mkononi mwako. Alikasirika. Mwaka uliofuata aliacha, na anasema ni kwa sababu ya bei.

Wapo wanaouliza: basi si tupimwe jeni sote tujue? Kipimo cha BRCA kina maana kubwa kwa familia yenye zile dalili nilizozitaja. Lakini orodha za jeni ambazo vipimo vinazitegemea zimejengwa zaidi kwa damu ya watu wenye asili ya Ulaya. Mwaka 2020, mradi wa H3Africa ulitoa matokeo ya kusoma vinasaba vya Waafrika 426 wa makundi 50 ya lugha, na ukakuta tofauti zaidi ya milioni 3 ambazo hazikuwa zimeorodheshwa popote. Ndiyo sababu Mwafrika akipimwa hupewa mara nyingi zaidi jibu kwamba kuna tofauti ambayo maana yake haijajulikana. Hata zile aina za HLA zinazohusishwa na baridi yabisi Ulaya ni adimu zaidi miongoni mwa wagonjwa wenye asili ya Afrika, na bado wanaugua. Mtu akija na kipimo cha mtandaoni na kukuambia asilimia za ukoo wako, muulize asilimia hizo zimepimwa kwa watu gani.

Tulikwenda kwa wakwe watarajiwa, mjomba na mimi. Tulikaribishwa vizuri, tukanywa kahawa, na baada ya habari za mvua nikaomba ruhusa ya kumjibu shangazi. Nilimpa shikamoo yake kwanza. Nikamweleza ya Kampala, ya mapacha, na ya bibi niliyemhesabisha dada zake. Nikamwambia kama angekuta kwetu wanawake watatu waliougua titi wakiwa vijana, ningemshauri yeye na mchumba wakamwone daktari kwanza, na hilo lisingekuwa aibu kwa mtu. Aliniuliza swali moja tu: na kwao yeye je, mbona kaka zake wawili wamekufa kwa saratani ya tezi dume? Tukakaa tukalihesabu na hilo, umri wao na upande wao. Kikao kilichoanza kwa kupima ukoo wetu kikamalizika kwa kupima koo mbili. Ndoa ilifungwa. Sidai ni kwa ajili ya baiolojia yangu. Bwana harusi alikwisha kuamua tangu zamani na alikuwa anawasubiri wazee wamalize maneno yao.

Tangu siku ile ninaweka karatasi ya ukoo, ndani ya bahasha moja na vyeti vya ndoa na hati za shamba. Ina mistari michache: jina, ugonjwa, umri alipoanza, upande wa mama au wa baba. Naijaza kila msiba na kila harusi, kwa sababu ndipo wazee wanapokutana. Ni kazi ya kalamu na dakika chache, na daktari yeyote atakayemwona mjukuu ataifurahia kuliko maneno ya damu mbaya. Mstari wa mama mdogo unasema: titi, alikuwa amepita miaka 60, hakuna mwingine. Mstari wa mama unasema: viungo, kabla ya miaka 50, hakuna mwingine, alichelewa kutibiwa. Katika karatasi nzima, neno hilo la mwisho ndilo pekee ambalo lilikuwa mikononi mwetu, na ndilo ninalowataka walio nyuma yetu wasiliandike tena.